Ng'ombe wa Watu Walishika Mimba

Vijana wa chama cha wafugaji mmeniomba niandike machache kuhusu kazi yetu kabla sijaenda. Mmoja wenu alisema hivyo hivyo, "kabla mzee hajaenda," kisha akaona uso wangu akaongeza haraka, "kustaafu, yaani." Nimemsamehe. Vyeo na mishahara sitavigusa, kwa kuwa vyeo havikuwapo na mishahara mnaijua.

Kazi yangu ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Nayaeleza haya kwa ajili ya wake zenu na mama wakwe zenu ambao wataokota karatasi hizi na kushangaa. Ng'ombe akipata joto, badala ya kumtafuta ndume kijijini, mwenye ng'ombe humwita daktari. Daktari huja na mbegu ya ndume mzuri wa mbali, iliyogandishwa ndani ya mrija mdogo kuliko kalamu, akaiweka pale ambapo ndume angeiweka. Miezi tisa baadaye kuna ndama. Watu hutuita daktari ingawa daktari wa mifugo wa kweli akisikia hukunja uso.

Nilianza Kitale mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati serikali ilikuwa imeshaiachia kazi hii vyama na watu binafsi. Nilifika nikiwa na cheti kipya na shati jeupe. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Njoroge, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakahamia Trans-Nzoia yeye akiwa mtoto. Alikuwa amefanya kazi hii tangu enzi za serikali, na nadhani kila ng'ombe kati ya Kiminini na Endebess alikuwa na bibi mzaa mama ambaye Mzee alimjua. Nilimpa cheti. Hakukitazama. Alinishika mkono, akageuza vidole vyangu, akasema, "Kata kucha kwanza. Hiyo karatasi tutaona baadaye."

Ng'ombe wangu wa kwanza alikuwa wa aina ya Ayrshire, mwenye tabia za mwalimu mkuu. Nilivaa glavu inayofika begani, nikaingiza mkono wa kushoto kama nilivyofundishwa, na papo hapo nikasahau kila kitu. Nilipapasa hadi jasho likaingia machoni. Ng'ombe aligeuka akanitazama, halafu akanya, na shati jeupe likaishia siku hiyo.

"Unatafuta nini?" Mzee Njoroge aliniuliza.

"Mlango wa kizazi, Mzee."

"Wewe unatafuta na macho. Macho iko huku nje, haiwezi kukusaidia. Funga macho. Wacha mkono ifanye kazi yake."

Nilifumba macho nikaupata. Mpaka leo nikifanya kazi nafumba macho, na wenye ng'ombe wengi hudhani ninaomba.

Mengine aliyonifundisha ni haya. Ng'ombe akionekana na joto asubuhi, mpandishe jioni. Akionekana jioni, mngoje mpaka kesho. Maji ya kuyeyushia mrija yabebe kwenye thamosi, yawe vuguvugu, na uikatae kabisa chai ya mtu atakayeimwagia humo akidhani anakusaidia. Mtungi wa naitrojeni, ule unaotunza mbegu kwa baridi kali, usiulaze, usiukalie, wala usimwachie mtu autazame ndani. Bunduki, yaani chuma chembamba cha kusukumia mbegu, usiitaje kwa jina hilo mbele ya polisi wa barabarani. Hilo la mwisho nilijifunza mwenyewe, nikiwa nimepiga magoti kando ya barabara ya Webuye huku mkoba wangu ukimwagwa kwenye lami.

Siku moja nilimuuliza Mzee Njoroge nitajuaje kama ng'ombe ameshika mimba.

"Ngoja wiki tatu," alisema. "Kama hajashika, joto itarudi, atapiga kelele, na mwenyewe atapiga kelele kuliko yeye. Kama ameshika, hutasikia kitu. Hakuna mtu atakupigia simu kusema asante. Kazi hii yetu, kimya ndiyo jibu."

Maneno hayo niliyapenda. Niliyabeba nikarudi nayo Bungoma miaka michache baadaye, chama kiliponituma kwetu Bumula.

Kitale watu waliniita, nikafanya kazi, nikaenda. Kwetu Bumula hakuna aliyekubali ng'ombe wake aguswe bila maombi. Kwetu tunaombea safari, tunaombea mabati, na simu za mkononi zilipoingia niliona kwa macho yangu laini mpya ikiwekewa mikono. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa na ulimi wangu ulikuwa mwepesi. Basi nilisimama nyuma ya ng'ombe, glavu begani, nikaomba. Ng'ombe walishika. Habari zikaenea kwamba mkono wa Daktari Wafula umebarikiwa, na alfajiri simu yangu ilikuwa ikiflashiwa, yaani ikilia mara moja na kukatwa, na wafugaji ambao hawakuwa na kredo ya kupiga lakini walikuwa na imani.

Niliweka sheria moja tu: maombi yaishe kabla ya kuyeyusha. Mrija ukishatoka kwenye baridi haungoji amina. Aliyenitesa kwa sheria hiyo alikuwa Mayi Selina, yaani Mama Selina, jirani yetu, mjane mwenye ng'ombe mmoja wa Friesian na maagizo mengi.

"Daktari, mwambie Mungu iwe ndama jike."

"Mayi, Mungu anajua."

"Anajua, lakini si umwambie. Na umwambie isikuwe na kichwa ngumu kama ya mama yake."

Nilimwambia Mungu. Ndama alizaliwa jike, na sijui kuhusu kichwa, lakini tangu siku hiyo Mayi Selina alinichukulia kama mtu wa ikulu.

Sasa niwaambie ya nyumbani, kwa sababu bila hayo kumbukumbu hizi zitakuwa za ng'ombe tu.

Mke wangu ni Nanjala, fundi wa nguo katika soko la Bumula. Mimi nilizaliwa wakati wa mvua na yeye wakati wa njaa, kama majina yetu yanavyosema, na tulipooana wazee walicheka kwamba msimu wowote ukija utatukuta tayari. Kazi yake kubwa ilikuwa kushona sare za shule. Alipima watoto wa watu mabega na viuno kila Januari. Sisi hatukupata mtoto. Watoto wa ndugu walijaa nyumbani kwetu, wakala, wakasoma, wakaenda, na tuliwapenda, lakini Nanjala alitaka wa tumbo lake na mimi nilitaka alichotaka. Tulikwenda hospitali. Daktari wa watu alitupima wote wawili, akasema hatuna tatizo lolote. Tulirudi nyumbani na kutokuwa na tatizo kwetu.

Kwa hiyo mfikirie maisha yangu. Asubuhi namwombea ng'ombe wa mtu maneno machache huku nikinuka mavi, na ng'ombe anashika. Jioni napiga magoti kando ya Nanjala, tumenawa, tumetulia, tumefunga na kula kwa zamu kama wanafunzi wa bweni, na kila mwezi jibu ni lile lile. Nilianza kuwaonea wivu ng'ombe, na nilikuwa nikikasirika kweli. Nilimwambia Mungu, hawa wenye kwato unawasikia upesi namna hii, sisi wenye viatu tumekukosea nini? Siku nyingine nilimwambia kama huna kredo, flash tu, nijue namba inafanya kazi.

Nikamletea Nanjala maneno ya Mzee Njoroge. Alikuwa kwenye cherehani. Nilimweleza vizuri kwamba kimya chenyewe kinaweza kuwa jibu, kwamba ng'ombe aliyeshika hangurumi. Alikata uzi kwa meno.

"Na ng'ombe akinyamaza kwa sababu amekufa?"

Katika kazi yetu hilo nalo hutokea.

Wakati huo huo akaja nabii. Jina lake sitaliandika, na hata nikiliandika halitamsaidia mtu. Alikuja na suti ya rangi ya maziwa na kinanda chake mwenyewe, akafanya mkutano wa siku kadhaa kanisani kwetu. Siku ya pili alininyooshea kidole.

"Wewe! Kuna kilio mbinguni juu yako. Kilio cha ndume! Umewanyima ndume haki yao, na wewe umenyimwa yako!"

Kanisa liliguna. Amina iliyotoka kwa sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya Mzee Makokha, ambaye alikuwa na ndume wa kukodisha na ambaye biashara yake mimi ndiye niliyeiharibu. Niseme kweli, nilitaka kucheka, lakini nilipogeuka nikaona Nanjala amekaa wima, macho kwa nabii, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa hospitalini baada ya kungoja kutwa nzima. Kicheko kikaniishia.

Niliagizwa kuleta vifaa vya kazi siku iliyofuata, viombewe, kisha niamue kama nitaiacha kazi hiyo. Nyumbani nilimwuliza Nanjala anaonaje.

"Peleka," alisema. "Tumepeleka kila kitu kingine."

Nikapeleka. Glavu, bunduki, thamosi na mtungi vilipangwa mbele ya madhabahu juu ya kitambaa cheupe. Mchungaji wetu Barasa, mtu mpole mwenye mabega ya kulima, alikuwa akiutazama ule mtungi kwa wasiwasi.

"Mtumishi," nilimwambia nabii kwa heshima, "huu usifunguliwe."

"Kuna nini ndani?"

"Mbegu za ndume. Na baridi."

"Ndume wangapi?"

"Ni wengi."

"Wengi!" aliwageukia watu. "Wako kifungoni!"

Akang'oa kizibo. Moshi mweupe ukachungulia shingoni mwa mtungi, mwembamba na wa adabu, kama kawaida yake. Kanisa likashusha pumzi. Laiti angeishia hapo. Lakini alikuwa na jagi la maji ya baraka, na kabla sijamfikia akayamimina yote ndani.

Ninyi mnaijua naitrojeni. Mtungi ulinguruma, kisha wingu likalipuka kutoka shingoni, jeupe, zito, likafunika madhabahu, likashuka ngazi na kutambaa chini ya viti likitafuta magoti ya watu. Nusu ya kanisa ilipaza sauti, "Utukufu!" na nusu nyingine, "Wanatoka! Wanatoka!" Waimbaji wa sauti ya kwanza ya kwaya walitokea dirishani. Sauti ya nne ilibaki kwa sababu ya unene. Mzee Makokha, mtetezi wa ndume, aliwapita watoto mlangoni. Mayi Selina peke yake alipiga magoti palepale katikati ya wingu akapaza sauti, "Na ya mwaka huu pia iwe jike!" Nabii alirudi nyuma hatua moja zaidi ya alizokuwa nazo, akaketi ndani ya ngoma, na kutoka humo akatangaza ushindi.

Nikatize kidogo kwa faida ya kazi. Msifungue mtungi ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu ule moshi hufukuza hewa ya kupumua. Sisi tulisalimika kwa kuwa madirisha ya kanisa letu hayakuwa na vioo, jambo ambalo kamati ya ujenzi ilikuwa ikilaumiwa kwa miaka.

Wingu lilipotawanyika, nabii alisimama akaweka mkono juu ya kichwa cha Nanjala. Kizuizi kimetoka, alisema. Kabla ya mwaka kwisha mama huyu atabeba, na si mmoja, ni wawili. Watu walilia. Nanjala alilia. Nami nililia, nawaambia ukweli, ingawa jicho moja lilikuwa kwenye mtungi.

Mbegu zote ziliharibika. Nilimpigia Mzee Njoroge Kitale kuomba nyingine. Alisikiliza habari yote hadi mwisho.

"Ulipeleka mtungi kanisa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Iliokoka?"

Hata hivyo aliniletea mbegu yeye mwenyewe, na hakusema neno lingine juu ya jambo hilo mpaka alipokuwa akipanda gari kurudi. Aliinama kwenye dirisha akasema atatuombea, kisha akasema kwamba yeye huomba kimoyomoyo kwa hiyo tusitarajie kusikia.

Sasa kukawa na mwaka wa kungoja. Akina mama wa kanisa walianza kufuma. Tuliletewa sweta mbili ndogo za manjano, kwa vile manjano inafaa mvulana na msichana. Kisimani watu walimtazama Nanjala tumbo kabla ya kumsalimu. Akila embe bichi, habari ilifika Bungoma mjini kabla hajatupa kokwa. Mwezi ulipita, ukaja mwingine. Nanjala aliziweka sweta kwenye kabati, akazitoa, akaziweka tena. Mwaka ukaisha.

Hakuna aliyesema kitu. Hilo ndilo lililouma. Nabii simu yake ilikuwa haipatikani. Watu waliacha kumtazama tumbo, wakaacha kumtazama kabisa. Kanisani wakaanza kuombea ujenzi wa choo.

Kabla ya hapo nilikuwa nimemlalamikia Mungu, na mtu hulalamikia aliyepo. Sasa nilifumba macho nikakuta giza tu, na sauti yangu mwenyewe ikizunguka. Niliendelea kuwaombea ng'ombe kwa kuwa watu waliniomba na maneno yalikuwa yameshazoea njia. Na ng'ombe, jamani, waliendelea kushika! Laiti nao wangekosa, ningesema Mungu amesafiri. Lakini kila ndama aliyezaliwa Bumula mwaka ule alinichoma. Nilimwandikia Mchungaji Barasa barua ya kujiuzulu uzee wa kanisa, nikaitia mfukoni, nikazunguka nayo kwenye pikipiki hadi ikanuka kama kila kitu changu.

Nanjala naye aliacha kupiga magoti. Mwanzo alisema, "Omba wewe, mimi nitaitikia." Halafu siku moja niliomba, nikamaliza, nikangoja amina yake. Haikuja. Nilifungua macho nikamwona anatazama ukuta. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwato. Niliona nitampoteza Mungu na nitampoteza mke wangu, na sikujua nani atatangulia kwenda.

Jumapili moja ilikuwa zamu ya shuhuda. Mnajua ilivyo kwetu: mtu anasimama, anasema Bwana asifiwe, kanisa linajibu amina, anaeleza Mungu alivyomtendea, kanisa linajibu amina, anaketi. Mtu alishuhudia kwamba redio yake iliyoibiwa ilionekana. Mayi Selina alishuhudia ndama jike wa pili, akanitaja mimi, nikainamisha kichwa. Kisha kiti kando yangu kikalia, na Nanjala alikuwa amesimama.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina!"

"Mimi sina ushuhuda."

"Amina!" kanisa likajibu, kwa mazoea.

"Nimeomba miaka mingi na sijajibiwa."

"Amina," wakasema wachache wa nyuma, wale wanaosinzia. Wengine walikuwa wameshaamka.

"Mliambiwa mwaka mmoja. Mwaka umeisha. Hizi sweta ni nzuri, zisiliwe na nondo bure. Mwenye mtoto achukue." Alizitoa kwenye mkoba akaziweka kwenye kiti kilichokuwa mbele yake. Alizinyoosha, kisha akainua kichwa. "Sijui kama Mungu ananisikia. Siku hizi hata sijui nimwambie nini. Lakini nimekuja. Kama kuna mtu hapa ataongea na yeye, amwambie Nanjala alikuja."

Akaketi. Mpiga kinanda alianza wimbo kwa mazoea, akaona hakuna anayeimba, akaacha katikati. Mchungaji Barasa alikuwa ameshika kipaza sauti na mdomo wazi. Halafu akakizima, akashuka, akaketi kwenye ngazi ya madhabahu kama mtu aliyechoka kulima.

Nilingoja mtu amkemee mke wangu. Nilikuwa tayari kupigana, na nguo zangu za Jumapili. Badala yake Mayi Selina alisimama tena.

"Bwana asifiwe. Ile ya ndama ni kweli. Lakini mimi nayo kuna ingine sina." Alifuta pua na leso. "Kijana yangu alienda Nairobi, miaka imepita, hakuna barua, hakuna simu. Naombea ndama kwa sababu ya kijana nimechoka kuombea. Hiyo tu."

Baada yake alisimama baba wa watoto sita ambaye mkewe mgonjwa, tuliyemwombea, hakuwa amepona. Baada yake mwalimu wa Shule ya Jumapili, ambaye alishindwa kusema akaketi. Hatimaye akasimama Mzee Makokha. Alisema ndume wake hawezi tena kupanda wala kula, kwamba amemwombea usiku na mchana, na kwamba mtu pekee anayeweza kumtazama ni daktari, "na ndiye huyo nilimwitikia amina mbaya." Kanisa lilicheka hadi machozi, na mengi ya machozi hayo hayakuwa ya kicheko. Ibada iliisha mchana umeshapita, na Bumula nzima ilikula chakula kilichoungua. Ndume wa Makokha nilimtazama jioni hiyo hiyo. Alikuwa na ukwato uliooza, akapona.

Mchungaji Barasa alikuja kwetu siku ya pili. Nilijua amekuja kutuadabisha, nikatoa ile barua mfukoni nimpe kabla hajaanza. Hakuipokea. Alikunywa chai, vikombe viwili, akamtazama Nanjala.

"Mama," alisema, "tangu nimzike kifungua mimba wangu, mimi sijasikia kitu."

"Miaka hiyo yote?" Nanjala aliuliza.

"Yote."

"Na unahubiri kila Jumapili?"

"Sasa nani atafungua kanisa? Ufunguo si niko nao mimi."

Alisema hivyo bila kutafuta kuchekesha, lakini Nanjala alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ule mwaka uishe. Alicheka, akaweka aproni usoni akalia, na Mchungaji akaendelea kunywa chai yake bila kusema lolote la kitabuni, jambo ambalo mpaka leo namshukuru. Alipoondoka nikaitia barua kwenye moto wa jiko.

Wiki hiyo hiyo niliitwa Bokoli, kwa mzee mmoja aliyekuwa na Friesian mpya aliyemnunua kwa mafao yake yote ya reli. Nanjala alikuwa na sare za kupeleka upande huo, nikambeba kwenye pikipiki. Mzee alikuwa amemfunga ng'ombe na amevaa koti.

"Karibu daktari. Tuombe kwanza."

Nilivaa glavu, nikafumba macho, na maneno hayakuja. Yale yaliyozoea njia, hata hayo hayakuja. Nilisimama pale, mkono umeinuliwa, inzi wakinizunguka. Mzee alikohoa. Ndipo nilipomsikia Nanjala amekuja kando yangu. Aliweka kiganja kwenye mgongo wa ng'ombe.

"Mungu," alisema, "ni Nanjala. Bado niko. Amina."

Mzee alifungua jicho moja. "Imeisha?"

"Imeisha, Baba."

"Lakini bana, hiyo si ni fupi sana kwa Friesian?"

Nilicheka hadi ikabidi nibadilishe glavu. Nikafanya kazi yangu, na ng'ombe akashika, ingawa nadhani yule mzee aliongeza maombi mengine tulipoondoka, kwa usalama.

Mtoto hakuja. Naandika hivyo wazi kwa sababu najua baadhi yenu mmesoma mpaka hapa mkingojea pacha. Mzee Njoroge amekwisha kuzikwa, na sikuwahi kumuuliza kama kimya cha aina ile nacho kilikuwa jibu. Nanjala bado ana shaka. Mimi siku nyingine naamini hivyo na siku nyingine siamini, na kanisani naenda siku zote mbili.

Vifaa vyangu nimevikabidhi. Mtungi uzibeni vizuri. Simu yangu siku hizi hailii alfajiri, lakini tunaamka saa ile ile. Nanjala anawasha jiko, anafunga leso, anasimama mlangoni akitazama nje, na kabla ya chai anasema maneno yale yale aliyoyasema Bokoli, hajayaongeza hata moja.

"Mungu, ni Nanjala. Bado niko."

Nami navua kofia.

"Na Wafula. Tuko wawili."